Mbele ya kuomba mashini, nani ameuliza?



Mara hii siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Naandika juu ya mashini moja ya kukoboa mpunga yenye kulala mu depo, huku kwetu mu uwanda wa Ruzizi, kati ya Kamanyola na Uvira. Jina la koperative ninaliacha, kwa sababu kosa halikuwa lao peke yao. Langu pia lilikuwemo, na kubwa.

Ile koperative iliomba mashini kwa muda wa miaka miwili. Kila mara tulipofika kwao, neno la kwanza lilikuwa mashini. Mimi nilikuwa mpya mu kazi, nimetoka chuo cha juu cha kilimo na diploma yangu, nikaona jambo liko wazi: watu wanalima mpunga, mpunga unakobolewa mjini, faida inabaki mjini. Tuwape mashini, faida irudi kijijini. Niliandika karatasi ya mradi usiku mmoja. Shirika likakubali. Kila mwanamemba alitoa dola 10 za mchango, na wengine waliuzisha kuku ili wazipate. Siku mashini ilipofika tulipiga picha, watoto wakaimba.

Msimu wa kwanza ilifanya kazi siku chache. Msimu wa pili, chache zaidi. Kiisha kimya. Niliporudi kuitembelea nilikuta kuku wanalala juu ya injini. Nilidhani ni shida ya fundi, ao ya mazutu. Hapana. Mashini ilikuwa nzima, ukiiwasha inawaka. Ilikosa mpunga tu. Na depo yenyewe imezungukwa na mashamba ya mpunga pande zote!

Mama mmoja aliyekuwa anaanika sombe karibu na pale njo alinieleza.

"Agronomu, ule mpunga unaona mu shamba, unafikiri ni wetu?"

"Ni wa nani basi, Mama?"

"Ni wa ule mwenye alitupa feza mu mwezi wa tisa, watoto walipokuwa wanarudi masomo. Ye njo anakuya na gari siku ya kuvuna. Anabeba, anaenda kukoboa kwake mu mji. Sisi tunabakia na ya kula."

Nilimuuliza juu ya nini hawakusema hayo mapema. Alinitazama kama vile mtu anavyotazama mtoto.

"Mulikuya na karatasi yenye ilisha kuandikwa. Mulituuliza kama tunapenda mashini. Tulisema tunapenda. Nani anaweza kukatala mashini?"

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya kazi moja ambayo mu miradi yetu ya vijiji hakuna mtu anaifanya. Mu benki, mu makampuni makubwa, mu kampuni za telefoni, kuna mtu analipwa mshahara kwa kuuliza yale maswali mimi sikuuliza. Anaitwa mchambuzi wa biashara. Wengine wanasema analisti. Si yeye anayejenga, si yeye mkubwa wa mradi, si yeye anayeshika kese. Anakaa na watu wenye shida mpaka aelewe shida yenyewe. Kiisha anaenda kwa wale wa kujenga ao wa kutoa feza, na kuwaambia wazi: kitu kinachohitajiwa ni hiki, wa kukitumia ni hawa, na tutajua kimefaulu tukiona hivi na hivi. Kazi hiyo ilikomaa zaidi mu ofisi za kompyuta, kwa sababu huko ni rahisi sana kujenga kitu kizuri ambacho hakuna mtu atakitumia. Mwaka 2003, huko Toronto, mu inchi ya Kanada, watu wa kazi hiyo waliunda chama chao cha kimataifa na wakaanza kuandika kanuni za kazi yao.

Msione ni mambo ya wazungu na makaratasi. Mtu akifika kwa muganga na kusema "nipe kinini", muganga mzuri hampi kinini palepale. Anamuuliza kwanza: unaumwa wapi, tangu lini, umekula nini. Mashini ni kinini. Sisi wa mashirika tumezoea kugawa kinini bila kumpima mgonjwa, na ninyi mmezoea kuomba ile mliyoona jirani amepewa.

Niwape mfano wa kweli, tena wengi wenu muko nao mu mfuko. M-Pesa, yenye tunatumia huku Kongo tangu 2012, ilianzia Kenya. Mwanzoni haikupangwa kuwa kazi ya kutumiana feza. Mwaka 2005 kampuni ya Vodafone ya Uingereza pamoja na Safaricom ya Kenya walifanya jaribio, kwa msaada wa feza za serikali ya Uingereza. Karatasi ya mradi ilisema hivi: watu wanaochukua mikopo midogo wataweza kupokea mkopo na kuulipa kwa telefoni. Wakachagua watu wasiofika 500, wakawapa telefoni, wakaanza kuangalia.

Hapo njo kazi ya uchambuzi ilionekana. Wale waliosimamia jaribio, Nick Hughes na Susie Lonie, hawakuangalia mikopo peke yake. Waliangalia watu wanafanya nini kwa kweli na ile telefoni. Wakakuta mtu anaweka feza kabla ya kupanda gari, na anazitoa akifika kule anakoenda, ili wezi wasimpate nazo njiani. Wakakuta wengine wanatumiana wao kwa wao, na wenye biashara wanaitumia kama sanduku la kulalisha feza za siku. Na upande wa mikopo, wenye kukopesha walipata taabu: vitabu vyao vya vikundi na hesabu za telefoni havikupatana vizuri. Kwa hiyo mu mwezi wa tatu 2007, Safaricom ilipofungulia watu wote mlango, kitu ilichotangaza kilikuwa kimoja na rahisi: tuma feza nyumbani. Mikopo iliachwa kando. Fikirini kama wangeng'ang'ania karatasi yao ya kwanza kwa sababu mfadhili alikwisha kuitia sahihi.

Turudi kwenye mpunga. Nataka tufanye pamoja ile hesabu ambayo sikuifanya. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za kwao.

Tuseme mashini na injini yake vinagharimu dola 3 000, na vitadumu miaka 5. Kwa hiyo kila mwaka lazima kuweka pembeni dola 600 za kununua ingine, hata kama ya kwanza ilikuwa zawadi. (Hapa njo wengi wanacheka na kuniambia: zawadi hailipwi. Ni kweli, lakini zawadi inazeeka.) Mwendesha mashini na mlinzi, dola 80 kwa mwezi, ni dola 960 kwa mwaka. Matengenezo na vipuri, dola 240. Jumla ni dola 1 800 mbele ya kununua tone moja la mazutu. Sasa, gunia la kilo 100 za mpunga mnakoboa kwa dola 2. Mazutu inakula senti 80. Inabaki dola 1 na senti 20 kwa kila gunia. Ili dola 1 800 zipatikane, mnahitaji magunia 1 500 kwa mwaka. Ni tani 150.

Koperative ina wanamemba 120. Kila mmoja ana robo ya hekta, anavuna tani 1 kwa msimu, misimu ni 2. Jumla tani 240. Vizuri sana! Tani 240 zinapita 150, mashini italipa, prezida anatia sahihi, agronomu anatia sahihi. Mimi nilitia sahihi bila hata kufanya hesabu hii, lakini kama ningeifanya ningefurahi vilevile. Kwa sababu hesabu ni sawa na jibu ni uongo. Swali lililokosekana ni lile la yule mama: siku ya kuvuna, mpunga ni wa nani? Ikiwa watu wanalipa madeni kwanza, na wanabaki na sehemu moja tu kati ya tatu, mashini itapata tani 80. Magunia 800 mara dola 1.20 ni dola 960. Kila mwaka zinakosekana dola 840. Na msisahau kwamba mnakoboa kwa franga na mnanunua vipuri kwa dola. Franga ikishuka, lile shimo linapanuka bila mtu kufanya kosa lolote.

Mchambuzi anatafuta swali la namna hiyo, lenye kupindua hesabu nzima. Halipatikani mu mkutano. Mu mkutano prezida anasema, wazee wanasema, bamama wanakaa nyuma na kunyamaza, na kama kuna mgeni wa shirika na gari yake nje, basi kila mtu anasema "tunapenda".

Mwaka uliofuata koperative ingine ilikuja kwetu. Walikuwa wameona mashini ya wenzao (hawakujua kwamba inalala) na wao wakaitaka. Nikawaambia: kabla ya karatasi, chagueni watu wawili wa kuuliza, muwape wiki tatu. Komite ilitaka kumweka karani. Nilikataa, kwa heshima. Karani ni mtu wa komite, na watu hawatamwambia kila kitu. Nilikataa pia kuwa mimi. Mimi nina bajeti yenye kuisha mwezi wa 12, na mtu mwenye haraka ya kutumia feza hafai kuulizwa kama feza zitumiwe. Baada ya maneno mengi walichagua kijana mmoja aliyemaliza masomo ya sekondari, na mama mmoja anayenunua na kuuzisha mchele sokoni. Kijana anaandika, mama anajua bei na anajua watu. Koperative ilitoa feza kidogo ya chakula na ya telefoni, hakuna ingine.

Niliwafundisha jambo moja tu, lile nilijifunza kwa aibu yangu. Usimuulize mtu "uko na deni?" Atakuambia hapana. Usimuulize "unapenda nini?" Atakuambia mashini. Muulize: msimu uliopita ulivuna magunia ngapi? La kwanza lilienda wapi? La pili? La tatu? Fuata gunia kwa gunia mpaka yaishe. Mtu haoni haya kueleza safari ya gunia.

Walijaza kaye mbili. Nyumba baada ya nyumba, gunia la kwanza na la pili yalikwenda kwa mwenye kukopesha. Mzee mmoja alikuwa amepokea dola 20 wakati wa kupalilia, akalipa gunia la kilo 100 siku ya kuvuna. Miezi miwili baadaye gunia kama lile lilikuwa dola 35 sokoni. Watu walilijua kila mmoja nyumbani kwake, lakini hakuna aliyejua kwamba ni nyumba zote.

Yule mama alifanya kitu ambacho mimi nisingefikiri. Alikwenda pia kwa wafanyabiashara wenyewe. Mchambuzi anasikiliza pande zote, hata ule tunaoulaumu. Akarudi na habari mbili. Ya kwanza: mpunga wanaochukua shambani ni maji maji, wanapoteza uzito wakiuanika, kwa hiyo wanakata bei mapema. Ya pili: mjini wanapenda kukoboa mahali penye kuchekecha, ili chenga zitengane na mchele mzima, na pumba ipate mnunuzi. Mashini tupu ya kijijini haiwasaidii kitu.

Ripoti ilisomwa mbele ya mkutano mkuu, si mbele ya komite peke yake. Nilisimama sana juu ya hilo. Kwa sheria ya OHADA, ambayo inchi yetu ilijiunga nayo mwaka 2012, mu koperative kila mwanamemba ana sauti moja, awe na hisa moja ao ishirini. Basi wenye sauti wasikie wenyewe. Kijana alisoma, mama akaeleza. Mzee mmoja wa komite alisimama na hasira: "Mukikatala mashini, feza itarudi Ulaya!" Neno hilo linaogopesha, ninalielewa, kwa sababu mara ingine ni kweli. Watu walinitazama. Niliwaambia kwamba feza inaweza kurudi, ndiyo, na kwamba nitajitahidi isirudi, lakini siwezi kuapa. Walipiga kura. Mashini ilishindwa.

Badala yake waliomba vitu vya bei ndogo: maturubai ya kuanikia, mbao za kuinua magunia kutoka chini, bati mpya za depo, na mtu wa kuwapatanisha na koperative ya akiba na mikopo. Mpango ni huu. Mwanamemba analeta mpunga mkavu mu depo. Depo ina kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa wakulima, mwingine kwa mkopeshaji. Hakuna anayefungua peke yake. Mkopeshaji anatoa sehemu ya thamani ya mpunga kwa feza, mwanamemba anatuliza shida zake, na mpunga unangoja bei ipande. Ukiuzishwa, deni linalipwa kwanza, linalobaki ni la mwenye gunia.

Hapa agronomu aseme kidogo. Mpunga wa kulala mu depo miezi kadhaa usipite asilimia 14 ya maji. Hamna kipimo? Chukueni chupa ya kioo iliyokauka kabisa, muweke ndani chumvi kavu kiasi cha vijiko vichache pamoja na mpunga, mtikise dakika chache, mwache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mpunga bado una maji, rudisheni juani. Isiposhika, mnaweza kufunga magunia.

Sitawadanganya kwamba yote yalikwenda kama maziwa. Msimu wa kwanza wanamemba wachache tu walithubutu kuweka. Wengine walitoa magunia mapema kwa sababu ya mgonjwa nyumbani. Na hatari iko: wakati mwingine mchele wa kutoka inje ya inchi unaingia kwa wingi, bei inakataa kupanda, na riba inaendelea kutembea. Kwa hiyo wale wawili wa kaye waliandika jambo moja ambalo ningependa kila koperative iliandike mbele ya kuanza: alama ya kusimama. Walisema: kama misimu miwili inapita na gunia lililongoja halijaleta feza kupita lile lililouzishwa siku ya kuvuna, tukishatoa riba, tunaacha. Mradi usio na alama ya kusimama unaendelea kwa haya tu.

Kama muko na ombi lenye mnataka kutuletea msimu huu, sikatazi mashini. Kuna mahali ambapo hakuna deni kubwa, mpunga uko mikononi mwa wakulima na mjini ni mbali. Pale mashini inaweza kulipa vizuri. Leteni tu pamoja na ombi ile kaye ya magunia, hata ikiwa na mafuta ya kupikia kwenye kurasa. Wekeni nani aliuliza, aliuliza nyumba ngapi, na bamama ni wangapi kati yao. Na kama wale waliouliza wamerudi na jibu lisilopendeza komite, msiwabadilishe. Nimeona koperative moja ikituma watu mara tatu, mpaka ikapata wa kusema ndiyo.

Ile mashini ya kwanza bado iko. Baada ya kusikia habari ya wafanyabiashara, komite yao ilikwenda kuwauliza wenyewe: tukiweka chekeche za kutenga chenga, na tukiwatafutia mnunuzi wa pumba, mtakoboa kwetu? Wawili walisema watajaribu, kwa sababu kubeba mchele ni rahisi kuliko kubeba mpunga na maganda yake: mu kilo 100 za mpunga, mchele unaotoka ni kilo 60 hivi, ao zaidi kidogo. Chekeche zimeagizwa. Kuku wamehamishwa. Yule mama sasa njo anashika kaye ya mashini, na kila nikipita ananiuliza kama leo pia nimekuja na karatasi yenye ilisha kuandikwa.